Dunia imeishiwa pumzi, na Amu (Lamu) je? Uzi wa kujadili kuhuisha utamaduni na kukuza watu

#1 Mwalimu_wa_Langoni (mleta uzi)

Assalamu alaykum wana wa Amu, pamoja na ndugu wa Malindi, Mombasa na bara mnaopita humu.

Kuna malalamiko mawili nayasikia kila siku, na kila moja lajifanya halijui lenzake. La kwanza ni la wageni. Wanaokuja Shela, kijiji cha ufukweni hapa kwetu, kufanya yoga na kupumzisha roho husema ustaarabu wao umewashinda. Wana kila kitu ila jirani wa kumwamkia. Joto lazidi, bahari yapanda, vita haviishi, na sasa mashine zaandika na kuchora badala ya watu. La pili ni letu, la barazani: mila zimekwisha, vijana wameharibika, mji umeuzwa. Mgeni aja kwetu kutafuta dawa, na kijana wetu atafuta njia ya kwenda kwa mgeni.

Mimi nasema ugonjwa ni mmoja, na tumekosea mahali pa kuweka dawa. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001. Tangu hapo ukitaka kubadili mlango au kuongeza ghorofa kuna wa kukuuliza, na ni vyema aulize. Lakini hakuna wa kuuliza mtoto anayezaliwa nyuma ya mlango ule ajua nini, aweza nini, na ana hamu ya kuwa nani. Wenzetu wa mambo ya uchumi walilishtukia jambo hili mwaka 1990, pale Mahbub ul Haq wa Pakistani, akisaidiwa na Amartya Sen wa India, alipotoa ile ripoti ya kwanza ya Umoja wa Mataifa ya maendeleo ya binadamu. Walisema nchi isipimwe kwa pesa peke yake, itazamwe pia watu waishi umri gani na wamesoma kiasi gani. Hatua nzuri. Ila hata kipimo hicho hakimwoni nahodha asiyejua kusoma lakini ajua kupita mlango wa bahari usiku.

Sasa tuzungumze habari za miji kufa, maana sisi ni wenyeji wa habari hizo. Ibn Khaldun aliandika Muqaddima mwaka 1377 akasema dola husimama kwa watu kushikamana, kisha starehe huwalegeza, na baada ya vizazi vichache waliojenga huwa wamesahauliwa na wanaokula. Kaskazini yetu tu hapo kuna Pate. Walikuwa na fedha na ufundi wa kila namna, wakapigana wao kwa wao, wakapigana na sisi, na vita vya Shela vya miaka ya 1810 vikawavunja mgongo. Utenzi wa Al-Inkishafi ulitungwa kwa kuutazama mji ule ule ukiwa magofu. Nenda leo, utakuta watu wamelima tumbako katikati ya kuta za mabwana.

Amu nayo ilikuwa ife. Tizameni hali ya miaka ya 1890 na 1900. Reli imeanza kujengwa Mombasa 1896, na biashara yaifuata huko. Waingereza wameshika nchi. Utumwa wafifia, na sheria ya kuufuta katika pwani ya Kenya yatoka 1907, mashamba ya bara yaliyowalisha mabwana wa mtaa wa Mkomani yakose wa kuyalima. Kila alama ya kuanguka ilikuwapo.

Katika hali hiyo ndipo alipokuwa akifanya kazi mtu kutoka Ngazija, kisiwa cha Komoro, Sharifu Swaleh bin Alawi Jamalilleyl, ambaye leo twamwita Habib Swaleh. Hakukaa Mkomani kwenye nyumba za mawe. Alikaa huku kwetu Langoni, penye udongo na makuti, akafundisha watumwa na watoto wa watumwa elimu ambayo waungwana waliona haiwastahiki. Akaingiza matari katika maulidi, ndani ya msikiti. Wakubwa walimchukia, walimsema, wakaona anavunja heshima ya mji. Karibu na mwaka 1900 msikiti wake wa Riyadha ukasimama, na wanafunzi wake wakatawanya mwendo ule Afrika Mashariki nzima. Leo mwezi wa Mfungo Sita ukiingia, madau na mabasi hayatoshi.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Habib Swaleh hakuhifadhi utamaduni wa waungwana. Alikichukua kile kitu bora walichokuwa wamekifungia ndani, akakitoa nje kwa watu ambao mji haukuwahesabu kuwa watu. Mji ukapata damu mpya mahali ambapo hakuna aliyetazamia. Kwa hiyo nikisikia "tuhuishe utamaduni" swali langu la kwanza si ngoma gani turudishe wala kanzu gani tuvae. Nauliza: leo nani yuko nje ya mlango, na tumemfungia nini ndani?

Karibuni. Matusi sitaki.

#2 Dau_la_Mwao

Maalim umetoa khutba mbili na sala bado. Ngoja nichemshe kahawa nirudi.

#3 Kijana_wa_Gati

Maalim, kwa heshima zako, utamaduni hauliwi.

Nataja mambo yanayoonekana. Machi 2012 marais walikuja hapa kuzindua bandari, mnakumbuka sote. Gati la kwanza likaanza kazi Mei 2021. Katikati hapo wavuvi wakapoteza maeneo yao ya kuvulia, wakaenda mahakamani Malindi, na 2018 majaji wakaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi kama 4,600. Gawanya mwenyewe. Ni kama 380,000 kwa mtu. Mashine ya boti na nyavu, zimekwisha, na bado watoto wako shule.

Mimi nimezaliwa juu ya maji. Najua kusi na kaskazi, najua bamvua na maji mafu, najua samaki gani yuko wapi mwezi gani. Nilipokwenda kuomba kazi kwenye kampuni moja ya mizigo, karani aliniuliza cheti. Nikamwambia nimevua tangu udogo. Akaandika "hana ujuzi". Sasa huo utamaduni uliohuishwa utanipa cheti?

#4 Mwalimu_wa_Langoni

@Kijana_wa_Gati umenijibia swali langu kuliko nilivyolijibu mimi. Wewe ndiye uliye nje ya mlango. Lakini soma ile hukumu ya 2018 vizuri. Majaji hawakusema habari za samaki tu. Walisema pia haki ya watu wa Lamu ya utamaduni wao haikuzingatiwa. Mahakama ilikubali kwamba kujua bahari ni mali, ambayo mtu aweza kunyang'anywa. Na mwaka uliofuata, Juni 2019, leseni ya ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi ilifutwa na baraza la mazingira kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliosimama walikuwa wenyeji, chini ya muungano wa Save Lamu. Watu walikaa wakasoma makaratasi mazito ya kitaalamu, wakayafasiri barazani kwa Kiamu. Hayo mimi nayaita kukua kwa watu.

#5 Kijana_wa_Gati

Sawa, kuzuia twajua. Makaa ya mawe tulizuia, alhamdulillahi. Mimi nauliza kujenga.

#6 Bi_Zidaka

Maalim, uzi mzuri, lakini nimesoma juu mpaka chini: Ibn Khaldun, Mahbub, Sen, Habib, nahodha, wavuvi. Mwanamke yuko wapi? Yuko jikoni awapikia mnaohuisha?

Mwaka 1858 mwanamke wa Pate, Mwana Kupona binti Msham, mgonjwa kitandani, aliandika utendi kumuusia bintiye. Wanaume huusoma kama kitabu cha jinsi mke atakavyomtii mume, na waupenda kwa hilo. Mimi naona jambo jingine. Mama yule alijua kuandika, tena ushairi wa vina. Alimtarajia binti ajue kusoma. Nakala zilipitishwa mikononi mwa wanawake kwa miongo mingi kabla mzungu yeyote hajaja kuzichapa. Yaani humu ndani ya nyumba za mawe mlimokuwa mkidhani kuna kimya, kulikuwa na madrasa ya pili.

Sasa mnapoulizana nani alifungiwa nje, kumbukeni kuna waliofungiwa ndani. Na usiseme "utamaduni wa waungwana" kwa kupita tu. Katika nyumba hizo hizo palikuwa na wajakazi ambao hawakuandikiwa utendi na mtu. Wajukuu wao wako Amu leo, wengine wako darasani kwangu, na mpaka leo ikija posa utasikia minong'ono ya "wale asili yao nini". Kama kuhuisha ni kurudisha ule mpangilio, mimi simo.

Nafundisha chekechea. Mtoto wa miaka minne aja kwangu na simu ya mamake, hajui wimbo mmoja wa kubembelezwa, ajua matangazo ya kamari kwa moyo. Mama hana kosa. Mama atoka alfajiri kwenda kufua na kupika kwenye nyumba za wageni Shela, arudi usiku. Nani abembeleze? Zamani palikuwa na nyanya, shangazi, somo wa kumfunda binti. Wote sasa wako kazini au wamepanga bara. Hilo ndilo shimo, Maalim. Mila haifi kwa kudharauliwa, hufa kwa kukosa mtu aliye nyumbani saa kumi jioni.

#7 Dau_la_Mwao

Nimerudi na kahawa. Bi Zidaka kanichoma mpaka nimeimwaga.

#8 Tezo_na_Keekee

Salaam. Mimi si mtu wa kuandika sana, niko Matondoni, kazi yangu majahazi na mashua. Kijana wa gati kauliza kujenga, basi niseme kujenga nijuako.

Jahazi halina ramani ya karatasi. Ukishalaza mkuku, mti wa chini unaobeba chombo, ukasimamisha fashini, chombo kizima kimo katika jicho la fundi. Mataruma, mbavu za chombo, hayapindwi; waingia msituni kutafuta mti uliojipinda wenyewe, watembea na umbo kichwani mpaka ukutane nalo. Mbao huchongwa kwa tezo, tundu hutobolewa kwa keekee, ingawa siku hizi umeme ukiwapo twatumia mashine na sioni aibu. Mwisho ni kalafati. Pamba yachovywa mafuta, yapigwa baina ya mbao kwa patasi na nyundo, taratibu, ubao hata ubao. Mwanafunzi haambiwi lini imetosha. Asikiza. Pamba ikijaa, mlio wa nyundo hubadilika. Mwanafunzi asiyeusikia mlio ule hata umpe cheti cha chuo gani, chombo kitavuja.

Nasema haya kwa sababu mwasema "utamaduni" kana kwamba ni kitu cha kuonyeshwa siku ya tamasha. Siku ya tamasha mimi huitwa nichonge kidogo mbele ya kamera, napewa fulana. Siku ya pili hakuna mtu. Sijawahi kuona kiongozi aliyekuja siku ya kalafati.

Kisha kuna wanaosema ufundi wetu ni wa zamani, hauna nafasi katika dunia mpya. Ile dau ya plastiki, Flipflopi, iliundwa hapa Lamu ikashuka majini 2018, mwanzoni mwa 2019 ikasafiri mpaka Unguja. Taka za plastiki ziliyeyushwa zikawa mkuku, mataruma na mbao, na juu ikavikwa ndara zilizookotwa ufukweni, kama 30,000. Fundi mkuu alikuwa Ali Skanda, mwana wa Amu. Plastiki haina nyuzi za kufuata kama mti, hupinda ovyo juani, haikamati msumari kama mti. Waliweza kwa sababu kulikuwa na watu wanaojua mti vya kutosha kujua plastiki inapowadanganya. Dunia nzima yalia na taka, na jibu moja dogo lilitoka kwa watu ambao karani angewaandikia "hawana ujuzi".

#9 Kijana_wa_Gati

Fundi, heshima. Hilo la karani umelipiga msumari.

#10 Mtanga_Halisi

Wakuu salaam, niko Tanga ila kazi zangu nyingi Zanzibar. Mkuu mleta uzi, ushuhuda wangu ni mfupi. Mji Mkongwe uliingia urithi wa dunia mwaka 2000, mwaka mmoja kabla yenu. Beit al-Ajaib ilijengwa 1883, jumba la kujivunia, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka mafundi wakiwa kazini, watu wakafa. Kwa hiyo hata hayo mawe mnayosema yanahifadhiwa, hayahifadhiki bila watu. Mimi ni wa umeme, si mwashi, lakini kila mzee wa kazi hiyo niliyemsikia analia na kitu kimoja: saruji.

#11 Dau_la_Mwao

@Mtanga_Halisi hapo umenigusa, nami ni mtoto wa mwashi. Ukuta wetu ni matumbawe na chokaa. Tumbawe lina vitundu, lavuta maji na chumvi na kuyatoa. Chokaa huyaachia njia. Ukija ukaupaka saruji, maji yafungiwa ndani, chumvi yakua, baada ya misimu michache lipu yabambuka vipande kwa vipande na boriti zaoza ncha zilizo ukutani. Kila mtu Mkomani ameliona hilo na bado wapaka saruji, maana mfuko wauzwa dukani, na chokaa yataka upange matumbawe juu ya kuni, uchome, umwagie maji, uilaze shimoni muda mrefu. Nani ana subira hiyo? Na kuni zenyewe, na boriti za mikoko, marufuku ya kukata miti ya 2018 ilipokuja zikawa mashaka matupu. Wakataji walikaa bila kazi.

Lakini Maalim, umekwepa jambo kubwa. Nyumba zauzwa. Hapa hakuna njama. Baba amefariki, warithi kumi na wawili, mmoja Jeddah, wawili Mombasa, mmoja ana deni. Kukarabati kwataka mamilioni. Aja mtu wa Ulaya na pesa taslimu, wagawana, kila mtu achukua fungu lake la mirathi, na halali yake. Yule mzungu aitengeneza kwa chokaa safi kuliko sisi! Mafundi bora wa lipu ya kienyeji wa leo wamejifunza kwenye nyumba za wageni. Sasa niambie hapo utamaduni umekufa au umehuishwa.

#12 Abu_Fulani

Maulidi kwa matari ni bidaa, uzushi katika dini. Huo uhuishaji wenu umeanza vibaya.

#13 Msimamizi

Mada ya bidaa ina uzi wake wenye kurasa mia. Tusiilete hapa.

#14 Mwana_wa_Kibokoni

Natoka Mombasa. Sitaingia kwenye bidaa, lakini Maalim umesimulia kana kwamba dawa ya wakati ule ilikuwa moja. Haikuwa moja. Mombasa tulikuwa na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwaka 1930 alianza kutoa gazeti dogo la Sahifa, na 1932 gazeti la al-Islah. Yeye aliwatazama watu wa pwani wakishuka akawauliza wazi: kwa nini mwaona fahari kwa nasaba na karamu, na watoto hawana shule? Alitaka watu wasome, wafanye kazi za mikono bila kuona haya, waache kufuja mali katika sherehe. Hakuwa shabiki wa matari kabisa.

Njia ya Habib ilikuwa ya mapenzi na kukusanya watu; ya Sheikh al-Amin ilikuwa ya kalamu na kukosoana. Sisi wa pwani twapenda ya kwanza kwa sababu ina biriani. Ya pili hatuipendi kwa sababu yatuuliza hesabu. Harusi ya siku saba kwa mkopo nayo ni utamaduni, je tuihuishe?

#15 Mwalimu_wa_Langoni

@Mwana_wa_Kibokoni nimekukubali kwa sehemu kubwa. Gazeti lile lilifanya kazi ambayo matari hayawezi. Lakini tazama nani angeweza kulisoma mwaka 1932. Mtoto wa mgema wa Langoni aliingia Riyadha bila kujua herufi, akakaa, akapigiwa tari, akapewa chakula, halafu ndipo akafundishwa. Ukianza kwa kumkosoa mtu ambaye hujamketisha, hatakusikiliza. Harusi ya mkopo ife, naam. Sina huzuni nayo.

Bi Zidaka, lako sijalijibu kwa sababu sina jibu zuri. Saa kumi jioni ni kweli.

#16 Msabaha_Juu

Niruhusuni mtu wa Malindi, tena Mgiriama, niingie.

Nawasoma mkizungumza ustaarabu wa pwani na naona nyumba za mawe, misikiti, majahazi. Malindi ya karne ya 19 ilikuwa ghala la nafaka la pwani, na nafaka ile ililimwa na watumwa. Leo nasi wengine tuko kwenye ardhi ile ile bila hati. Kwa hiyo Maalim akisema nani yuko nje ya mlango, sisi tuko nje ya boma zima.

Hata hivyo hoja yake naikubali, na nina mfano wangu. Mekatilili wa Menza mwaka 1913 alipoona vijana wanatakiwa kwenda kufanyishwa kazi na kodi zinapanda, hakuanza na silaha. Alicheza kifudu, ngoma ya matanga, kijiji hadi kijiji, watu wakamfuata, kisha akawaapisha Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama. Ngoma ya kuzika wafu ikawa ya kuamsha walio hai. Waingereza walimkamata wakampeleka mbali magharibi, akatoroka akarudi kwa miguu. Agosti 1914 wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Fikirieni: dola yenye mizinga iliuogopa msitu na bibi kizee anayecheza.

Sasa njoo leo. Misitu ya kaya imo katika urithi wa dunia tangu 2008, na sanamu ya Mekatilili iko Malindi mjini, watu hupiga picha. Na katika Kilifi hii hii wazee wanauawa wakiitwa wachawi. Ukichunguza, mara nyingi nyuma kuna shamba, na anayenong'ona ni mtoto au mpwa. Kuna wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi kwa kuogopa mvi zao. Tunamheshimu bibi wa sanamu bustanini, na bibi wa nyama tunamkimbiza na panga. Wageni wakisema ustaarabu wao una upweke, mimi nawaambia wetu una hofu, na sijui ipi nzito zaidi.

Kilichosaidia kidogo ninachokijua ni pale wazee waliotishiwa wanapokusanywa mahali salama na watoto wa shule wakapelekwa kwao kufundishwa dawa, majina ya miti, hadithi. Mtoto aliyefundishwa na mzee jina la mti hamwoni tena kama mchawi. Polisi peke yao hawajamaliza jambo hili.

#17 Bi_Zidaka

@Msabaha_Juu nimekusoma mara mbili, kakangu. Hiyo ndiyo ile saa kumi jioni niliyoitafuta. Wazee wako huru saa hiyo, watoto wako huru saa hiyo, na tumewatenga kwa ukuta.

#18 Dau_la_Mwao

Tusilie sana. Mimi nataka tuondoke humu na kitu. Napendekeza wakf, mali itolewayo kwa manufaa ya watu isiuzwe tena. Familia yenye nyumba wasiyoweza kuitengeneza wala kukubaliana, badala ya kuuza yote, waweke ukumbi wa chini au uwanja wa nyuma kuwa wakf wa kufundishia: lipu, nakshi, kofia za vito, kusoma Qur'ani, hata hesabu. Juu waishi au wapangishe.

#19 Mwana_wa_Kibokoni

Wakf nzuri kwenye karatasi. Nimeona wakf ngapi pwani hii ambazo mapato hayajulikani yaendako na paa limeanguka? Bila hesabu kusomwa hadharani kila mwaka, usiniite.

#20 Dau_la_Mwao

Basi isomwe Ijumaa, msikitini, kwa sauti. Watu wetu huogopa kusemwa kuliko kuogopa mkaguzi.

#21 Kijana_wa_Gati

Wakf itachukua miaka kumi ya kugombana. @Tezo_na_Keekee wewe wachukua wanafunzi sasa hivi?

#22 Tezo_na_Keekee

Nachukua. Nina mashua ya futi 28 kwenye magogo. Wawili watatu watosha. Tatizo ni wazazi. Siku hizi baba auliza mwanangu atalipwa ngapi kwa siku kabla hajajua kushika tezo. Zamani mzazi alileta ufito, ada ya kuanza, na mwanafunzi akifuzu akamtolea fundi kilemba, ada ya kumaliza. Silazimishi hayo, dunia imebadilika, lakini na mimi sina mshahara wa kumlipa anayeharibu mbao zangu.

#23 Bi_Zidaka

Na msichana akitaka?

#24 Tezo_na_Keekee

Sijawahi kufundisha msichana kazi ya chombo. Sitasema haiwezekani. Matanga mbona wanawake hushona. Aje na nduguye siku za mwanzo, watu wa Matondoni wana midomo.

#25 Bi_Zidaka

Midomo wataifunga wenyewe. Ninaye mmoja, amemaliza kidato cha nne, anachora vizuri na hakai kitako. Nitazungumza na mamake.

#26 Mwalimu_wa_Langoni

Fundi, chakula cha wanafunzi nikikichangisha hapa Langoni, utakubali wakae mpaka kalafati iishe? Sitaki waje wiki mbili wapige picha waondoke. Na @Kijana_wa_Gati, wewe andika. Kila kitu fundi afanyacho, kipimo, jina la ubao, sababu. Tukiwa na daftari hilo, naweza kwenda nalo kwa wale wanaopima watu ujuzi walioupata kazini bila kusoma chuoni, tuwaulize kwa nini hili lisiwe cheti.

#27 Kijana_wa_Gati

Siku za wiki nabeba mizigo mpaka saa tisa. Nikimaliza nitavuka na boti ya mwisho, nilale huko Alhamisi na Ijumaa. Kuandika naweza. Nahau za mafundi sizijui zote.

#28 Tezo_na_Keekee

Utazijua. Mchele leteni nyinyi, samaki nitatoa. Tutaanza maji yakipungua wiki ijayo, asubuhi saa moja. Asiye na tezo atatumia yangu ya zamani, nimeitia mpini mpya.

#29 Mwana_wa_Kibokoni

Nachangia gunia moja la mchele. Na hesabu yake isomwe humu humu kwenye uzi.